Uambatishaji wa dawa kwenye ini: je, kweli ni kuondoa sumu?

Mwanafunzi wa Famasia

Habari za kazi, wataalamu. Nipo mwaka wa pili wa famasia na kuna jambo limenitatiza katika somo la umetaboli wa dawa. Tumefundishwa kwamba katika awamu ya kwanza dawa huoksidishwa au huvunjwa, na katika awamu ya pili vimeng'enya huiambatisha kwenye molekuli ya mwili, kama asidi ya glukuroniki au salfeti, ili kuiondolea sumu na kuitoa kwa mkojo. Hata hivyo, kitabu hichohicho kinasema kwamba mofini ikishaambatishwa na asidi ya glukuroniki hutoa zao moja linalotuliza maumivu, na kwamba parasetamoli, ambayo sehemu yake kubwa huambatishwa moja kwa moja, inaweza kuharibu ini vibaya. Kama uambatishaji ni kuondoa sumu, mbona mifano hii miwili inakwenda kinyume?

Mkufunzi wa Biokemia

Ndugu Mwanafunzi, kilichokupoteza ni hilo neno "kuondoa sumu". Kimeng'enya hakijui kama dawa ina madhara au haina. Kinachofanya ni kuibandika kitu kinachopenda maji, na mara nyingi, ingawa si kila mara, dawa iliyobandikwa hivyo hushindwa kukaa katika kipokezi chake (protini ya seli ambayo dawa huishika ili ifanye kazi), ikapoteza nguvu.

Tuanze na tatizo lenyewe. Dawa nyingi za kumeza hupenda mafuta, ndiyo maana huweza kupenya utando wa seli za utumbo na kuingia katika damu. Sifa hiyohiyo ndiyo inayoishinda figo, kwa kuwa dawa ikishachujwa hupenya ukuta wa mirija ya figo na kurudi katika damu ilikotoka. Asidi ya glukuroniki inapoambatishwa, huipa dawa chaji hasi, na kitu chenye chaji hakivuki utando kirahisi: hutolewa na protini za usafirishaji kwenye seli za ini, kisha huelekea kwenye mkojo au kwenye nyongo, na molekuli kubwa zaidi ndizo hupendelea njia ya nyongo.

Sasa parasetamoli. Kila kimeng'enya cha uambatishaji huhitaji kiambatishwa, yaani kile kitu cha kubandika kwenye dawa, kilichokwisha kuamilishwa. Vimeng'enya vya kundi la UGT, vilivyomo katika utando wa retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa tando ndani ya seli), hutumia asidi ya glukuroniki iliyobebwa na molekuli iitwayo UDP, ambayo asili yake ni glukosi na hivyo hupatikana kwa wingi. Vile vya salfeti, vilivyo katika saitoplazimu (ute wa ndani ya seli), hutegemea akiba ya PAPS, molekuli inayobeba salfeti, ambayo ni ndogo na huisha upesi. Kwa dozi ya kawaida, njia hizi mbili huchukua karibu parasetamoli yote, na sehemu ndogo tu huoksidishwa kuwa NAPQI, kemikali kali ambayo glutathioni, kiambatishwa kingine cha mwili, huidaka mara moja. Dozi ikizidi mno, njia ya salfeti hujaa, sehemu kubwa zaidi huelekea kwenye uoksidishaji, glutathioni huisha, na NAPQI hushika protini za seli za ini na kuziua. Kwa hiyo kilichoua ini si kiambata, yaani dawa iliyokwisha kuambatishwa, bali ni upungufu wa viambatishwa, na ndiyo maana tiba yake ni asetilisisteini, inayolipatia ini malighafi ya kutengeneza glutathioni mpya, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 baada ya kumeza.

Neno "awamu" nalo lisikudanganye, kwani si lazima ya pili ifuate ya kwanza. Lorazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, huambatishwa bila kuoksidishwa kwanza, ndiyo sababu madaktari huipendelea kuliko diazepamu, ambayo huoksidishwa kwanza, kwa mgonjwa mwenye ini dhaifu: uoksidishaji huathirika mapema zaidi kuliko uambatishaji.

Mfamasia wa Wodi

Nakubaliana na Mwalimu, nami niongeze la mofini. Sehemu kubwa ya mofini huwa glukuronidi ya nafasi ya 3, yaani mofini iliyobandikwa asidi ya glukuroniki kwenye nafasi ya 3 ya molekuli yake, ambayo haitulizi maumivu. Sehemu ndogo huwa ya nafasi ya 6, nayo hushika vipokezi vya opioidi (dawa za jamii ya mofini) na kutuliza maumivu. Zote mbili hutegemea figo kutoka mwilini. Figo zikishindwa kazi, ile ya nafasi ya 6 hujikusanya, na mgonjwa aliyepewa dozi ya kawaida anaweza kusinzia kupita kiasi na hata kupumua kwa shida, ilhali ini lake limefanya kazi yake barabara.

Pia usisahau kwamba watu hawalingani. Isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, huondolewa kwa kubandikwa asetili na kimeng'enya NAT2, na wanaoibandika polepole kwa kurithi hubaki na dawa nyingi zaidi katika damu, hivyo huwa katika hatari kubwa zaidi ya ganzi ya miguu na mikono, ambayo huzuiwa kwa vitamini B6. Kwa mtoto mchanga UGT bado ni chache. Kloramfenikoli, dawa ya kuua bakteria, ilipotumiwa kwa dozi zisizolingana na hali hiyo, watoto walibadilika rangi wakawa kijivu, mzunguko wa damu ukaporomoka, na wengine wakafa.

Mwanafunzi wa Famasia

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Naomba kuuliza moja zaidi: kiambata kikishaingia kwenye nyongo, safari ya dawa imekwisha?

Mkufunzi wa Biokemia

Haijaisha. Nyongo humwagikia utumboni, na humo bakteria wana kimeng'enya kinachokata asidi ya glukuroniki, kikiiacha dawa huru kufyonzwa tena. Mfano mzito ni irinotekani, dawa ya saratani: zao lake kali, SN-38, huambatishwa na UGT1A1, mojawapo ya vimeng'enya vya UGT, kisha bakteria hulifungua likiwa ndani ya utumbo, na hilo huchangia kuhara kukali. Mgonjwa aliyerithi UGT1A1 dhaifu hukumbwa na tatizo jingine, yaani SN-38 isiyoambatishwa hubaki nyingi katika damu na kushusha seli nyeupe.

Mfamasia wa Wodi

Na kama bado unashikilia kwamba kuambatisha ni kuzima dawa, angalia minoksidili, dawa ya shinikizo la damu: haiwezi kulegeza mishipa ya damu mpaka kwanza ibandikwe salfeti.