Nyenje wananifia kila wiki: nibadilishe mdudu au nibadilishe boksi?

Mfugaji_Mchanga:
Wakuu, habari zenu. Nina kware 18 na mjusi mmoja, geko chui, na wote nataka niwape wadudu hai. Nilichukua nyenje 200, nikawatia kwenye boksi la plastiki, mfuniko nikautoboa matundu machache kwa msumari wa moto. Ndani nikaweka trei za mayai na kisahani cha maji. Siku ya nne nafungua, harufu inanipiga usoni, trei zimelowa, nusu yao wamelala chali na wazima wanawatafuna. Kwenye kisahani ndio kabisa, wamezama wamejaa. Hii mara ya tatu. Nihamie kwa mabuu wa mbawakawa? Ila kuna mtu kaniambia mabuu humtoboa mjusi tumbo kwa ndani.

Pumba_Tu:
Hamia, mkuu. Beseni la kuta laini, pumba za ngano vidole vinne, kipande cha karoti juu, basi. Pumba ndiyo kitanda na ndiyo chakula. Hawaruki, hawaimbi, hawapandi kuta. Wakigeuka pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa mbawakawa, watenge, maana mbawakawa wakubwa huwatafuna.

Bi_Nyenje:
Usihame kwanza. Nyenje wako hawakuumwa, wamekufa kwa uchafu wao wenyewe. Kinyesi kikikutana na unyevu mahali pasipopita hewa, gesi kali ya amonia inapanda, na hiyo harufu iliyokupiga usoni wao walikuwa wanaivuta usiku na mchana. Mimi nilipoteza vizazi viwili kabla sijaelewa. Nikachukua kisu cha moto, nikakata mfuniko wote katikati nikabakiza ukingo, nikabandika wavu. Wavu uwe wa chuma! Nilianza na wa nailoni, wakautoboa usiku mmoja, na wiki nzima nikawa naimbiwa kutoka nyuma ya kabati.

Kisahani kitupe. Karoti inawatosha kwa maji, ila itoe kabla haijaota ukungu. Trei zisimamishe wima ili kinyesi kidondoke chini badala ya kukaa kwenye vikombe vyake. Joto liwe nyuzi 28 hadi 30.

Ukitaka wazaliane, weka kopo la udongo wenye unyevu kidogo. Utamwona jike ana kitu kama sindano nyuma, anakizamisha udongoni, anasogea hatua moja, anazamisha tena. Naweza kukaa namtazama hata chai ikapoa. Siku ya pili au ya tatu toa kopo, la sivyo wataufukua udongo na kuyala mayai. Kwa joto hilo yataanguliwa ndani ya siku 10 hadi 14, na vitoto ni vidogo mno, utadhani udongo wenyewe unatembea. Wiki 6 hadi 8 wamekuwa wakubwa.

Hilo la kutoboa tumbo ni hadithi, mjusi mzima hutafuna. Cha kuogopa ni kalsiamu. Nyenje na mabuu wa mbawakawa wote wana fosforasi nyingi kuliko kalsiamu. Funza wa nzi askari ndio wenye kalsiamu ya kutosha mwilini. Kwa hiyo walishe nyenje vizuri, majani ya kijani na nafaka, saa 24 hadi 48 kabla ya kuwatoa. Kisha watie kwenye mfuko na unga wa kalsiamu, tikisa, mpe mjusi hapo hapo, maana nyenje hujisafisha na unga unaisha. Mjusi aliyekosa kalsiamu utamjua: taya linalegea, miguu inatetemeka, mifupa inapinda.

Saizi: mdudu asizidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho ya mjusi. Na usimlaze na nyenje waliobaki, usiku wanamng'ata.

Kware_na_Mayai:
Upande wa kware usijisumbue sana, wao hawachagui. Ila wadudu ni kitoweo tu, si mlo. Watagaji wanahitaji chakula chenye protini kama asilimia 20, vifaranga 24 au zaidi, na hicho kitoke kwenye chakula chao kamili. Kalsiamu ya maganda ya mayai wape pembeni kwenye chombo chake. Weka na changarawe laini za kusagia chakula tumboni. Nyenje waliooza usiwape, hata kama unawaonea uchungu.

Mfugaji_Mchanga:
Nimerudi. Mfuniko nimekata, wavu wa chuma, karoti. Siku ya tisa leo, wamekufa 3 tu na boksi halinuki. Shida mpya: kuna dume moja linaimba tangu magharibi mpaka alfajiri, nimelala masaa mawili tu. Mnawanyamazishaje?

Bi_Nyenje:
Geko ana njaa?