Naomba ushauri: visa ya ndoa ya Marekani, sisi tuko Ujerumani

Habari zenu wadau. Mimi ni Mtanzania, naishi Ujerumani na mume wangu, raia wa Marekani. Tunataka kuhamia kwao. I-130 (ombi la mume wangu kwa ajili yangu) imeshapita, kesi iko NVC (kituo cha visa cha serikali ya Marekani), usaili utakuwa Frankfurt.

Tumekwama kwenye fomu ya udhamini, I-864. Mdhamini anatakiwa awe na makazi Marekani, au aonyeshe kwamba atarudi kuishi huko kabla yangu au pamoja nami. Mume wangu ameondoka siku nyingi. Hana nyumba wala kazi kule, kilichobaki ni akaunti ya benki na leseni ya udereva yenye anwani ya mama yake. Mama mkwe yuko tayari kudhamini, ila mdhamini wa ziada anaziba pengo la kipato tu, suala la makazi linabaki palepale. Mliopita njia hii mlipeleka nini kikakubalika? Barua ya mama mkwe kwamba tutafikia kwake inatosha, au mpaka mume apate ajira kwanza?

Halafu hati ya tabia njema ya Tanzania: kuna aliyeipata akiwa nje, kwa kutuma alama za vidole nyumbani? Wenye mawakala wao naomba mpite tu, hela hiyo sina.