Kusafisha jiko la umeme la kioo na oveni bila ya kuviharibu

Mama wa Mbweni:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nyumba tuliyohamia ina jiko la umeme la kioo cheusi, na oveni chini yake, nami nimezoea gesi na makaa. Juu ya kioo pana duru nyeupe zinazobaki maji yakimwagika na kukauka, michirizi ya kijivu pale sufuria zinapokokotwa, na gamba la kahawia la shira ya kaimati lililogandamana ubavuni mwa duara kubwa la kupikia. Jirani amenishauri nisugue kwa jivu na makumbi, kama tunavyosugua masufuria, lakini nimesita. Oveni nayo ina mafuta ya kuku yaliyoungulia ukutani, na kila ikiwashwa hutoa moshi unaojaa nyumba nzima. Naomba mwenye ujuzi anielekeze, na hasa anitajie vitu visivyofaa kutumiwa kabisa.

Mpishi wa Kikwajuni:

Waalaykumu salaam dada yangu. Umefanya vyema kusita. Jivu lina chembe ngumu zinazochora kioo, na mchoro ukishaingia, mafuta hujificha humo na kuungua upya kila siku. Mchanga, waya wa chuma na unga wa kusugulia masinki ni hivyo hivyo.

Duru nyeupe ni chokaa. Maji yetu ya visima hapa Unguja hupita katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo huja na chokaa yake, na yakichemka juu ya kioo chokaa ndiyo inayobaki. Subiri jiko lipoe kabisa, tandaza kitambaa kilichoroweshwa siki nyeupe juu ya duru kwa dakika chache, kisha futa, suuza kwa maji safi na ukaushe. Usipokausha, duru zitarudi.

Michirizi ya kijivu mara nyingi si mikwaruzo, bali ni alumini ya sufuria iliyobaki juu ya kioo. Pitisha ukucha: usiponasa, tengeneza uji mzito wa bikaboneti ya soda na maji kidogo, sugua taratibu kwa kitambaa laini, nayo itatoka. Baada ya hapo nyanyua sufuria badala ya kuikokota, na uangalie kitako chake, kwani chenye chembe za mchanga au kilichobonyea hakilifai jiko hili.

Shira ndiyo adui mkubwa, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Sukari iliyoyeyuka hushika kioo kwa nguvu, na inapopoa hujikunja ilhali kioo chenyewe karibu hakijikunji, kwa hiyo huweza kubandua vipande vidogo vya uso wake na kuacha vishimo visivyozibika. Shira, jamu au sukari ya kashata ikimwagika, haingoji upishi umalizike: zima, ondoa sufuria, vaa kishikio cha mkono, na uikwangue hapo hapo ingali moto kwa kikwanguo chenye wembe, ukikilaza kwa pembe ya kiasi cha nyuzi 30, huku ukiisukuma sukari nje ya duara lenye joto. Madoa mengine yote, hata tui lililofurika, yangoje jiko lipoe, kwa sababu kitambaa kibichi juu ya kioo cha moto hutoa mvuke unaounguza mkono, na sponji huyeyuka.

Fundi wa Chake Chake:

Namuunga mkono aliyetangulia. Niongeze kwamba kioo hiki kimetengenezwa kisitanuke kwa joto, na kinachokivunja zaidi ni kishindo, kwa hiyo rafu iliyo juu yake isiwekwe mchi wala chupa. Ufa ukionekana, zima umeme kwenye swichi ya ukutani na usipitishe kitambaa cha maji. Vilevile umeme ukikatika rudisha vifundo vyote kwenye sifuri, kwani mara nyingi mtu huweka sinia la plastiki juu ya jiko akisahau kwamba umeme utarudi.

Kwa oveni, paka uji wa bikaboneti kwenye kuta zilizopoa, uepuke koili zinazotoa joto, uache usiku kucha, kisha ufute kwa kitambaa kibichi. Siki ipakwe mwishoni tu, kuondoa weupe uliobaki. Wanaozichanganya tangu mwanzo hufurahia povu, lakini siki na bikaboneti huuana nguvu. Magadi usiyatumie, kwani huila alumini. Wala usitandike karatasi ya foili kwenye sakafu ya ndani ya oveni, maana huzuia joto na huweza kuharibu rangi ya ndani.

Mama wa Mbweni:

Shukran sana. Shira yangu imekwisha kuwa ngumu, tena jiko ni baridi. Je, niiwashie moto? Na mpira wa mlango wa oveni nao una mafuta.

Mpishi wa Kikwajuni:

Usiikwangue ikiwa kavu. Sukari huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo laza kitambaa kilichoroweshwa maji ya moto, ukibadilishe kila kinapopoa mpaka gamba lilainike, ndipo utumie wembe. Vishimo utakavyovikuta chini yake havitatoka, lakini haviathiri upishi maadamu si ufa. Mpira ufute kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, bila ya kuuvuta wala kuusugua, na mlango uuache wazi mpaka ukauke.