Hojaji au mahojiano kwa wauza mitumba wa Gikomba?

Swali: Wanajukwaa, ninatafiti jinsi wauza mitumba wa soko la Gikomba, Nairobi, wanavyosaidiana kupitia chama, yaani kikundi cha kuchangiana fedha. Je, nitumie hojaji au mahojiano ya ana kwa ana?

Jibu la 1: Hojaji itakuonyesha ni wangapi wamo katika chama na huchanga kiasi gani, lakini haitakueleza kwa nini aliyeshindwa kulipa husamehewa leo na mwingine akafukuzwa kesho, hilo hupatikana kwa mahojiano huria, ukivumilia kukatizwa kila mteja anapoinua shati na kuuliza bei. Alfajiri, marobota yanapofunguliwa, hakuna atakayekujibu, ila ndiyo saa bora ya kushuhudia nani anamkopesha nani.

Jibu la 2: Nakubaliana. Kwa kuwa huenda usipate orodha kamili ya wachuuzi ya kuteulia sampuli nasibu (ya kuchagua watu kwa bahati tu), wengi hutumia sampuli ya kuelekezwa, ambapo mhojiwa mmoja hukupeleka kwa mwenzake. Udhaifu wake ni kukufungia katika kundi la marafiki. Anzia pembe kadhaa za soko.

Jibu la 3: Kabla ya yote, pata kibali cha utafiti cha NACOSTI, Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya. Usirekodi sauti bila ridhaa, kwani Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwanafunzi.