Kupasha joto bwawa la kuogelea kwa pampu ya joto, Mwanza

Mkazi wa Bwiru:
Habari za leo, ndugu zangu. Nina nyumba ya wageni huku mlimani Bwiru, yenye bwawa la lita 60,000 na eneo la mita 50 za mraba. Kati ya Juni na Agosti, upepo wa ziwani ukivuma usiku kucha, maji huamka na nyuzi 24, na wageni huishia kuyagusa kwa kidole cha mguu na kurudi vitini. Je, pampu ya joto ina nafuu kweli kuliko hita ya kawaida, na niiendesheje ili LUKU isinimalize?

Fundi majokofu:
Nafuu ipo, tena kubwa. Mashine hiyo haizalishi joto, bali hulichota kwenye hewa ya nje na kulisukuma ndani ya maji, ndiyo maana katika hali ya hewa ya Mwanza yuniti moja ya umeme inaweza kukupa yuniti nne hadi sita za joto, ilhali hita haivuki moja. Kupandisha maji yako hadi nyuzi 28 kunahitaji yuniti 280 hivi za joto. Kwa pampu utalipia kama 56, mbali na joto linalopotea. Iendeshe saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, hewa ikiwa na joto. Usiielekeze kwenye jabali lililo karibu, maana itavuta tena hewa baridi iliyokwisha kuitoa, na klorini iingizwe baada ya mashine, kamwe si kabla yake.

Msimamizi wa bwawa, Capri Point:
Fundi amesema kweli, ila hilo la joto linalopotea amelipita mbio, nalo ndilo linalokula fedha. Sehemu kubwa hutoka juu ya maji kwa njia ya mvuke, na kila lita inayokauka huondoka na takribani theluthi mbili ya yuniti ya joto. Chukua rula, upime kina jioni na asubuhi pasipo mtu kuogelea wala bomba kufunguliwa. Maji yakishuka milimita 5, umepoteza lita 250, yaani joto la yuniti zipatazo 170 kwa usiku mmoja. Nunua kwanza turubai la mapovu linaloelea, ufunike nalo bwawa kila jioni. Mashine ifuate baadaye, na huenda ukatosheka na ndogo.

Mkazi wa Bwiru:
Nashukuru sana. Rula nitaitumbukiza leo hii. Na wale wadudu wa ziwani, hawataziba mashine?

Fundi majokofu:
Wataziba mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba vinavyopitiwa na hewa, wakiachwa, hasa taa ikiwaka karibu. Yasafishe kwa brashi laini na maji yasiyo na kasi, umeme ukiwa umezimwa. Ukiona maji yanadondoka chini ya mashine, usikimbilie kuifungua: yapime klorini. Yasipokuwa nayo, ni unyevu wa hewa tu uliogeuka maji kwenye mapezi.