Nimelipia siti mbili za pamoja, nikapewa herufi mbili! Huu ni wizi mweupe

Wakuu, habari za jioni. Nimekaa na hasira hii tangu tushuke kwenye ndege, nikasema nisiandike nikiwa bado nimevimba. Nimesubiri majibu yao, yamekuja, na sasa nimevimba zaidi. Shirika silitaji, maana kwa ninavyosikia wengi wao michezo ni hii hii.

Nilikuwa nampeleka mama Marekani kwa dada yangu. Mama ana zaidi ya miaka sabini, magoti mabovu, na ni mtu wa kwenda haja kila mara. Daktari wake alishamwambia asikae kitako muda mrefu, ainuke atembee, kwa sababu ya damu kuganda miguuni. Si maneno ya mtaani hayo. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2007 kwamba ukikaa safarini saa nne au zaidi hatari hiyo inakaribia kuwa mara mbili, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo. Mama si mtu mwenye afya ya kuchezea. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: yeye korido, mimi dirishani, asiwepo wa tatu wa kuombwa njia usiku kucha. Ndege ya kwanza kutoka Dar haina neno. Shida ni ile ya pili, zaidi ya saa kumi na mbili.

Tovuti ilionyesha ndege ni Airbus A330. Wanaozijua wanajua raha yake: daraja la kawaida hupangwa siti mbili, nne, mbili. Zile mbili za pembeni ni kama zimetengenezwa kwa ajili ya mtu na mama yake. Nikachagua 38A na 38C. Kwenye mpangilio huo B haipo kabisa, A na C ziko bega kwa bega. Dola 45 kila siti, kwenda tu, juu ya nauli ambayo tayari ilishanitoa jasho.

Tunafika pale pa kubadilisha ndege, imekuja Boeing 777. Sina ugomvi na kubadilisha ndege. Chombo kikileta hitilafu kinatolewa, na mimi sitaki kupaa na chombo kibovu. Lakini 777 yao imepangwa tatu, nne, tatu. Nikaenda kaunta. Dada wa watu akabofya kompyuta, akatabasamu.

"Siti zenu hazijaguswa, dada yangu. 38A na 38C, kama mlivyolipia."

"Kati ya A na C kuna nini?"

Akatazama tena. "Kuna B."

"Na B ana mtu?"

"Ndege imejaa, dada."

Wakuu, nilicheka kwa uchungu. Kompyuta imehamisha herufi kutoka ndege moja kwenda nyingine bila kujali herufi hizo zilikuwa na maana gani. Mimi nililipia kukaa na mama yangu. Wao wameniuzia alfabeti.

Ndani tukamkuta kaka mmoja mpana hivi, mstaarabu sana, ndiye B. Nilipomweleza alihamia dirishani haraka kuliko nilivyomaliza sentensi, na wala simlaumu, nani anakataa dirisha? Kwa hiyo mama akabaki korido, mimi katikati. Yaani aliyelipa dola 45 akakaa katikati, na ambaye huenda hakulipa hata senti akapata dirisha.

Halafu siti yenyewe. Nyuma yetu ukuta, nyuma ya ukuta choo. Kwa sababu ya ukuta siti hailali, unabonyeza kitufe inasogea kidole kimoja inagota. Aliye mbele yako yeye ya kwake inalala vizuri tu, inakujia hadi kidevuni. Chini ya siti ya mbele, upande wa mguu wangu wa kushoto, kuna kisanduku cha chuma cha mitambo ya skrini, kwa hiyo mguu mmoja unanyooka na mwingine unajipinda. Na foleni ya choo ilikuwa haiishi. Watu wakisimama pale wanashika siti ya mama ili wasiyumbe, mmoja akishika, kichwa cha mama kinatikisika. Mwingine akitoka, mlango unafunguka, taa inammulika usoni. Mama hakulalamika hata mara moja. Saa saba za usiku akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hawa wote wanapita hapa kwani hakuna choo kingine?"

Na 777 hii, kwa wasiojua, ilipoanza kubeba abiria mwaka 1995 mashirika yalikuwa yakiweka siti tisa kwenye mstari mmoja. Sasa wengi wanaweka kumi. Mwili wa ndege haujaongezeka hata nukta. Ile moja ya ziada imekatwa kwenye makalio yetu sisi: siti iliyokuwa inchi 18 na zaidi imekuwa 17 hivi. A330 niliyolipia ni kama inchi 18. Inchi moja unaiona ndogo mpaka ukae katikati ya watu wawili hadi asubuhi.

Kuna atakayekuja hapa kusema "ungelipia business". Ndugu yangu, pesa ya business ningejenga choo nyumbani kwa mama.

Mwingine atasema usilipie siti kabisa, utapewa tu bure ukicheki-ini. Kwa anayesafiri peke yake nakubali. Hakuna anayesafirishwa amesimama, siti utapata. Lakini ile ramani yao imechorwa kukutisha: siti zote nzuri zina bei, zilizobaki za bure ni za katikati zimetawanyika huku na kule, unaanza kumwona mzazi wako peke yake mstari wa 44 hajui hata kuomba maji kwa Kiingereza. Unatoa kadi unalipa. Wanauza hofu. Na hofu inalipa vizuri: ripoti ya kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ya Novemba 2024 ilikuta mashirika matano ya huko yaliingiza dola bilioni 12.4 za ada za siti kati ya 2018 na 2023. Za siti tu! Mzigo na nauli havimo humo.

Zile za mlango wa dharura nazo wanazisifia nafasi ya miguu, bei juu. Hawakwambii kwa herufi kubwa kwamba meza na skrini zimefichwa kwenye mikono ya siti, kwa hiyo siti ni nyembamba na mkono hauinuki, na mkoba wako wote unapanda juu wakati wa kupaa na kutua. Mzee kama mama haruhusiwi kukaa pale. Nyingine wanaiita "ya dirishani" ukikaa unatazamana na plastiki, dirisha liko kwa jirani wa mbele. Mbuzi kwenye gunia.

Sasa sikilizeni majibu. Nimeandika malalamiko nikaambatanisha kila kitu. Marekani wana kanuni ya mwaka 2024 inayosema ukilipia huduma ya ziada, ikiwemo kuchagua siti, na usiipate, unarudishiwa pesa, na inahusu ndege zinazoingia na kutoka kwao. Nikaitaja. Baada ya danadana nyingi wakajibu hivi, nafupisha: mteja alilipia 38A na 38C, mteja alipewa 38A na 38C, huduma imetolewa, suala limefungwa. Kuhusu mimi kuishia kwenye B, wanasema nilihama kwa hiari yangu.

Kwa hiari yangu!

Naomba msaada kwa aliyewahi kushinda kesi ya namna hii. Ulipeleka wapi, moja kwa moja kwa mamlaka za Marekani au ulipitia benki kurudisha muamala wa kadi? Nina risiti, nina picha ya ramani ya A330 niliyoipiga siku nalipa, nina bodingi pasi zote mbili. Na kuna jambo la haraka zaidi: tunarudi mwezi ujao na shirika hilo hilo, tovuti inaonyesha A330 tena, 38A na 38C zipo wazi, dola 45 kila moja. Nilipe au nisilipe?