Boti za faiba zikichakaa zitakwenda wapi?

Mwanamashua: Waungwana, vikundi vya wavuvi vinakopeshwa boti za faiba, na sibishi kwamba ni nyepesi wala hazihitaji kalafati, yaani kuzibwa mianya ya mbao, kila msimu. Lakini resini ya poliesta, ile gundi ya faiba, ikishaganda haiyeyuki tena ili itumike upya, na Ufaransa imelazimika tangu 2019 kuwachangisha watengenezaji gharama za kubomoa boti kuukuu. Sisi tutaziacha ufukweni. Kwa nini tusiige Flipflopi ya Lamu, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa? Hata mafundi wa majahazi, ambao siku hizi wanapigwa picha na watalii kuliko wanavyoshika tezo, wangepata kazi.

Fundi wa Matondoni: Chombo unachokisifu kiliundwa na mafundi hao hao, chini ya Ali Skanda, kwa takriban tani 10 za plastiki, kikashushwa majini Septemba 2018. Plastiki hulegea na kutanuka juani, haishiki msumari kama mbao, na aliyejua jinsi ya kuifunga kwenye mataruma, mbavu za chombo, hakuwa mpiga picha.

Kusi: Kama nakumbuka vizuri, hicho chombo hakikuvuka Mombasa.

Fundi wa Matondoni: Kilifika Unguja mwanzoni mwa 2019, kilomita 500 hivi kutoka Lamu. Ungeuliza kwanza.

Bi Maabara: Mmeliacha swali. Faiba ina nguvu kwa sababu nyuzi za kioo hubeba mzigo na resini huzishikanisha. Plastiki ya ndoo peke yake haina nyuzi hizo, kwa hiyo ubao wake huwa mnene na mzito. Ulaya wapo wanaounda boti kwa nyuzi za kitani, na Tanga tuna mkonge. Tatizo ni kwamba nyuzi za mmea hunywa maji, huvimba, na matabaka huachana. Tena mkonge ukizamishwa katika poliesta ile ile, mabaki yake nayo hayayeyushiki.

Kusi: Basi turudi kwenye mbao, tumalize ubishi.

Mwanamashua: Mbao ipi, ndugu yangu? Kenya ilisimamisha ukataji wa miti kwenye misitu ya umma mwaka huo huo wa 2018, na mvule mnyoofu wa mkuku, uti wa mgongo wa chombo, hauokotwi njiani. Fundi, sikukudharau, nilisema watalii ndio wanaowathamini zaidi.

Fundi wa Matondoni: Hayo ndiyo niliyoyasikia mara ya kwanza, umeyavika kanzu tu. Kijana wangu anaweza kumimina faiba leo akipewa kalibu ya kuipa umbo, na kesho akaranda plastiki, lakini mkopo hupewa mvuvi na fedha huishia kiwandani.

Bi Maabara: Kiwanda hutoa dhamana ya boti. Je, wewe utaitoa kwa chombo cha plastiki ambacho hakijapimwa miaka kumi baharini?

Fundi wa Matondoni: Na hiyo dhamana ya kiwanda, bibi, inasema nani ataibomoa boti ikifa?